Udongo mwekundu: rangi ya Kolo, ya morani na ya fundi wa jahazi

Fundi wa jahazi anapotaka kupasua ubao mrefu kwa mstari ulionyooka, rula haimfai kitu. Anachukua uzi wa pamba, anauchovya kwenye ngeu iliyolowekwa maji, anampa kijana wake ncha moja na yeye anashika ya pili. Wanauvuta juu ya ubao mpaka ukakamae. Kisha fundi anaunyanyua katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Uzi unapiga ubao mara moja tu, na ukiondolewa unaacha mstari mwekundu, mwembamba, ulionyooka kutoka ncha hadi ncha, tayari kufuatwa na msumeno. Maseremala wa pwani huita kazi hiyo kupiga ngeu. Na ngeu yenyewe, kabla ya chaki na rangi za dukani kuingia, ilikuwa udongo mwekundu uliosagwa.

Udongo wa aina hiyohiyo ndio uliochora twiga na pofu kwenye miamba ya Kolo, wilayani Kondoa. Ndio morani anaochanganya na mafuta na kupaka nywele zake. Na kile kinachoupa wekundu ndicho kilichomo katika rangi ya kahawia nyekundu ambayo mchomeleaji hupaka geti jipya kuzuia kutu, kabla ya kulipaka rangi aliyoagiza mwenye nyumba. Tumezoea kuuona udongo huu kama usumbufu: unaganda kwenye viatu wakati wa masika, unatia madoa sare za shule, unapanda ukutani mvua inapopiga. Lakini kwa maelfu ya miaka ulikuwa kitu cha kutafutwa, kuchaguliwa, kubebwa kutoka mbali na kutengenezwa kwa ujuzi. Ujuzi huo ulianzia barani kwetu, na baadhi ya ushahidi wake wa kale kabisa uko mahali ambapo msomaji anaweza kufika kwa basi.

Rangi yake inatokana na chuma. Chuma kikikutana na oksijeni huzaa madini yanayoitwa hematiti, ambayo ndiyo wekundu wa udongo wote mwekundu duniani. Hematiti ikiwa jiwe zima inaweza kumdanganya mtu asiyeijua. Mara nyingi ni nzito, nyeusi au ya kijivu inayong'aa, na hakuna dalili yoyote ya wekundu. Isugue kwenye jiwe gumu lenye maji kidogo, na unga unaotoka ni mwekundu wa damu. Kadiri unavyosagwa ukawa laini ndivyo wekundu unavyokolea. Aliyegundua jambo hilo kwanza hakusoma kokote. Alisugua jiwe, akaona, akakumbuka.

Madini ya pili ni gothaiti, yanayoupa udongo rangi ya manjano. Tofauti yake na hematiti ni kwamba gothaiti imeshikilia maji ndani ya umbile lake. Ukiuchoma udongo wa manjano kwenye moto wa nyuzi joto 250 hadi 300 za Selsiasi, maji hayo hutoka na udongo hugeuka mwekundu. Moto wa kawaida wa kuni unafikia joto hilo bila shida yoyote. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na udongo wa manjano na meko alikuwa na njia ya kujitengenezea rangi nyekundu, na katika maeneo kadhaa ya kale wataalamu wamekuta vipande vilivyobadilishwa rangi kwa moto namna hiyo.

Nchi zetu zina udongo mwekundu mwingi kwa sababu ya mvua na joto. Mvua za tropiki, kwa muda mrefu sana, huosha na kuchukua silika na chumvi nyingine kutoka kwenye miamba inayooza, na chuma, ambacho hakiyeyuki kwa urahisi, hubaki nyuma. Ndiyo maana mashamba ya Kiambu na vilima vya Usambara yana wekundu unaoonekana kutoka mbali. Lakini si kila udongo mwekundu unafaa kuwa rangi. Mwingi una mchanga mno, au chuma chake ni kidogo na ukikauka hufifia. Waliotengeneza rangi walijua mishipa mizuri ilipo, na waliiendea hata kama ilikuwa safari.

Uimara wake ndio unaonishangaza zaidi. Rangi za majani, maua na matunda huharibiwa na jua, kwa kuwa mwanga huvunja molekuli zake kidogo kidogo mpaka zinapauka. Hematiti haina la kuvunjwa. Ni chuma kilichokwisha kushika kutu, na kutu haiwezi kushika kutu mara ya pili. Jua, hewa na miaka haviibadilishi. Kinachoweza kuiondoa ukutani ni kile kinachoondoa ukuta wenyewe: maji yanayotiririka, mwamba kumeguka, mikono inayosugua.

Sasa twende nyuma. Olorgesailie, kwenye barabara ya kutoka Nairobi kwenda Magadi, ni eneo linalojulikana kwa shoka zake za mawe. Mwaka 2018 watafiti wakiwamo Rick Potts na Alison Brooks walitangaza kwamba katika tabaka zenye umri wa miaka 300,000 hivi walikuta mawe yenye rangi, na vipande vyekundu vyenye alama za kufanyiwa kazi. Katika tabaka hizohizo kulikuwa na mawe ya obsidiani yaliyotoka umbali wa makumi ya kilomita. Miaka 300,000 ni wakati ambapo binadamu wa aina yetu ndio kwanza anaanza kuonekana. Mwanadamu huyo wa mwanzo, au jamaa yake wa karibu, alikuwa tayari anabeba rangi.

Aliifanyia nini, mawe hayasemi. Lakini Afrika Kusini kuna pango ambalo limesema mengi. Pango la Blombos liko kwenye mwamba unaotazama bahari. Mwaka 2008 timu ya Christopher Henshilwood ilikuta humo makombe mawili makubwa ya konokono wa baharini yaliyotumika kama vyombo vya kukorogea rangi, pamoja na mawe ya kusagia, na mwaka 2011 wakatangaza umri wake: miaka 100,000. Ndani ya makombe mlikuwa na unga wa udongo mwekundu, vipande vya mkaa na mifupa iliyopondwa ambayo ilikuwa na mafuta, na dalili kwamba vyote vilikorogwa katika kimiminika. Mkorogo huo ulikuwa na hatua: kusaga, kuponda, kupasha mfupa moto, kupima, kukoroga, kuhifadhi. Katika pango hilohilo kumepatikana vipande vya udongo vilivyochongwa mistari inayokatana, vyenye umri wa miaka kama 75,000.

Kaskazini ya Durban, kwenye mwamba wa Sibudu, Lyn Wadley na wenzake wameonyesha matumizi mengine ambayo hayana uhusiano na urembo hata kidogo. Miaka 70,000 iliyopita watu wa pale walichanganya udongo mwekundu na utomvu wa miti kutengeneza gundi ya kushikizia ncha za mawe kwenye mipini ya mikuki. Utomvu peke yake ukikauka hukatika na mvua huuyeyusha. Unga wa udongo uliutia ugumu na kuufanya usinyonye maji kwa urahisi. Wadley aliijaribu gundi hiyo kwa mikono yake, akakuta kwamba kazi haitaki papara: moto ukizidi inatoa mapovu na kuvunjika, moto ukipungua haishiki. Mtengenezaji alilazimika kuangalia kila mara na kurekebisha. Fundi yeyote aliyewahi kuchemsha gundi ya mbao atamwelewa.

Pwani yetu nayo imo. Pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, limejulikana duniani kwa kaburi la mtoto aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita, lililotangazwa mwaka 2021. Katika pango hilo vilichimbuliwa pia vipande vya udongo mwekundu, kimojawapo kikiwa kimechongwa mistari karibu miaka 48,000 iliyopita. Ethiopia, pango la Porc-Epic karibu na Dire Dawa lilitoa vipande 4,213 vyenye uzito wa kilo 40, vya wakati wa miaka 40,000 iliyopita. Kilo arobaini si kitu cha mtu mmoja kujipaka siku ya sherehe. Kulikuwa na watu waliofanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka, wakiwafundisha watoto wao.

Na kulikuwa na machimbo. Katika mlima wa Ngwenya, nchini Eswatini, liko shimo linaloitwa Pango la Simba ambalo watu walichimba hematiti inayometameta kwa nyundo za mawe miaka zaidi ya 40,000 iliyopita. Ni moja ya machimbo ya kale kabisa yanayojulikana. Mwaka 1964 mgodi mkubwa wa chuma ulifunguliwa kwenye mlima huohuo, chuma kikapelekwa Japani kwa meli hadi mwaka 1977, na leo kuna bonde la shimo pale ambapo mlima ulikuwa. Chuma kilichowapa wahenga rangi ndicho kilichojenga magari ya watu wa mbali.

Tukija kwenye ngozi ya binadamu, hapo udongo mwekundu bado uko hai. Kwa Wamaasai unaitwa olkaria, na kutoka hapo likapatikana jina la eneo la Olkaria karibu na Naivasha, ambako leo Kenya inazalisha umeme wa mvuke. Morani huusaga, huuchanganya na mafuta ya mnyama, na kupaka nywele zake ndefu zilizosukwa, shingo na mabega. Siku za eunoto, anapovuka kutoka umorani mdogo kwenda hatua inayofuata, nywele hizo nyekundu hunyolewa na mama yake, na morani wengi hulia waziwazi zinapoanguka. Ngao za ngozi zilichorwa kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, na alama zake zilimweleza mtazamaji rika na ukoo wa aliyeibeba. Shuka nyekundu iliyozoeleka leo ni ya juzi. Kabla yake kulikuwa na ngozi za mifugo zilizopakwa mafuta na udongo mwekundu, kwa hiyo shuka ilipokuja ilirithi rangi iliyokuwapo.

Kaskazini mwa Namibia, wanawake wa Kihimba hujipaka kila siku siagi iliyochanganywa na udongo mwekundu, inayoitwa otjize. Wageni wengi wamepiga picha na kuondoka wakisema ni urembo. Ni urembo kweli, na mzuri sana. Lakini mwaka 2015 Riaan Rifkin na wenzake walipima udongo wa aina hiyo wakakuta unazuia miale ya jua inayochoma ngozi, na kwamba udongo wenye chuma kingi na uliosagwa laini hufanya kazi vizuri zaidi. Jangwani, mahali pasipo kivuli na maji ya kuoga ni haba, hiyo ni dawa ya ngozi iliyobuniwa na watu wanaoijua nchi yao.

Nyumba nazo zilipakwa. Kule Gisaka, mashariki mwa Rwanda, sanaa ya imigongo hujengwa kwa kinyesi cha ng'ombe kinachoinuliwa ukutani kwa matuta ya pembe tatu na misharazari, kisha hupakwa nyeupe, nyeusi na nyekundu, na wekundu wake wa jadi ni udongo. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, uchimbaji wa Neville Chittick ulitoa mabakuli ya udongo yaliyopakwa wekundu na kusuguliwa kwa jiwe laini mpaka yakang'aa. Mfinyanzi yeyote wa leo anayesugua chungu chake kwa kokoto ya mtoni kabla ya kukichoma anaendeleza mkono uleule.

Bahari iliubeba udongo huu mbali pia. Katika mlango wa Ghuba ya Uajemi kuna kisiwa kidogo cha Hormuz, ambacho jina lake kila nahodha wa majahazi ya kaskazi alilijua. Udongo wake ni mwekundu kiasi kwamba mvua ikinyesha ufukwe wote hugeuka rangi na mawimbi huja mekundu. Wenyeji huuita gelak. Wameupaka vyombo na nguo, wameuuza ng'ambo kwa viwanda vya rangi, na hata jikoni wanautumia, wakiuchanganya na samaki wadogo na chumvi kupata kitoweo cha kula na mkate. Kisiwa kingine cha ghuba hiyo, Abu Musa, kilichimbwa kwa ajili ya udongo huo tangu mwishoni mwa karne ya 19, na rangi yake ikawatia wakubwa ugomvini. Mwaka 1906 kampuni ya Kijerumani ya Robert Wönckhaus ilipata haki ya kuchimba pale. Mwaka uliofuata mtawala wa Sharjah, kwa msukumo wa Waingereza, akaifuta. Meli za chuma zilikuwa zinahitaji rangi ya kuzuia kutu, na udongo uliokuwa wa wapaka ngozi ukawa bidhaa ya viwanda.

Viwanda hivyo baadaye vilijifunza kujitengenezea. Mwaka 1925, nchini Ujerumani, Julius Laux aliweka hataza ya njia ya kupata oksidi ya chuma yenye rangi nzuri wakati wa kutengeneza kemikali iitwayo anilini. Tangu hapo rangi nyekundu ya chuma imekuwa ikitoka kiwandani kwa tani, na ndiyo iliyomo katika makopo mengi ya rangi ya kuzuia kutu, na katika sakafu zile nyekundu za saruji ambazo akina mama wengi wamezisugua kwa nta mpaka zikawa kioo. Ni hematiti ileile. Kilichobadilika ni kwamba mtumiaji hahitaji tena kujua jiwe lipi ni zuri.

Maarifa hayo ya kujua jiwe lipi ni zuri yamebaki yameandikwa ukutani Kolo.

Kolo ni kijiji kwenye barabara ya zamani kutoka Dodoma kwenda Arusha, kaskazini ya mji wa Kondoa. Ukitoka kijijini na kupanda, unafika kwenye kuta za Bonde la Ufa, ambako miamba mikubwa imepasuka na kuinama mbele ikafanya mapaa. Chini ya mapaa hayo, katika eneo la kilomita za mraba 2,336, kuna michoro kwenye miamba inayokadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Serikali ya kikoloni iliyatambua maeneo hayo kama kumbukumbu ya taifa mwaka 1937, na mwaka 2006 UNESCO ikayaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Sogea karibu na mojawapo. Kinachokushika kwanza ni wembamba wa mstari. Mgongo wa mnyama umepita kwenye mwamba unaokwaruza, wenye chembechembe, kwa mstari mmoja ambao haukatiki wala hautetemeki. Rangi ya namna hiyo lazima iwe imesagwa laini kabisa na kuchanganywa na kimiminika kinachoshika, isiyo nzito ikagoma kutoka kwenye brashi, isiyo nyepesi ikachuruzika. Watu wamechorwa warefu, wembamba, wengine wakiwa na nywele au mapambo makubwa ya kichwa, na miili yao imejazwa mistari sambamba badala ya rangi ya kuziba. Wanyama ni wa nchi hiyohiyo: twiga, tembo, pofu, kongoni. Aliyewachora alikuwa amewatazama kwa miaka mingi, na aliujua uzito wa pofu anapoinamisha shingo.

Juu ya michoro hiyo myekundu, mara nyingi ikiifunika, kuna michoro myeupe ya baadaye iliyopakwa kwa vidole, mizito na ya haraka. Wataalamu wanaihusisha na wakulima waliozungumza lugha za Kibantu, na ile myekundu na wawindaji waliowatangulia, ambao Wasandawe na Wahadzabe wanahesabiwa kuwa warithi wao. Eric ten Raa, aliyefanya utafiti kwa Wasandawe miaka ya 1960, aliandika kwamba walikuwapo bado waliochora miambani. Jambo hilo hunigusa kila ninapolifikiria: sanaa tunayoiita ya kabla ya historia ilikuwa na watu wanaoiendeleza wakati Tanganyika imekwisha kupata uhuru.

Nyekundu imedumu na nyeupe inabanduka. Ni kweli Kolo na ni kweli kusini mwa Afrika, ambako pofu wengi wa miambani wanaonekana hawana vichwa. Vichwa vyao vilichorwa kwa nyeupe, nyeupe ikaondoka, na mwili mwekundu ukabaki peke yake. Kwa hiyo tunapotazama mwamba wa kale tunatazama kile ambacho chuma kimekubali kukihifadhi. Huenda mwanzoni picha ilikuwa na rangi zaidi.

Mwanaakiolojia Mary Leakey alifika Kondoa kwa mara ya kwanza miaka ya 1930 pamoja na Louis, aliyekuja kuwa mumewe. Mwaka 1951 walirudi, na yeye akakaa miezi mitatu akinakili michoro kwa kuweka karatasi ya kuona upande wa pili juu ya mwamba na kufuata mstari baada ya mstari. Alinakili maumbo kama 1,600. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1983 katika kitabu alichokiita *Africa's Vanishing Art*, na baadhi ya aliyoyaona waziwazi mwaka 1951 leo yanahitaji jicho lililozoea. Mwanaakiolojia Mtanzania Fidelis Masao alichimba na kuandika juu ya michoro ya Tanzania ya kati, na kitabu chake cha mwaka 1979 bado ni msingi kwa anayetaka kuanza.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni umri. Hapa uimara wa rangi unatugeukia. Njia inayotumika sana kupima umri wa vitu vya kale hutegemea kaboni, na kaboni inapatikana katika kilichokuwa na uhai: mkaa, mfupa, mbegu. Hematiti haina kaboni. Kama mafuta au utomvu uliochanganywa nayo umekwisha kuoza, hakuna kilichobaki cha kupima. Ndiyo maana makadirio ya umri wa michoro ya Kondoa hutofautiana sana, kuanzia miaka elfu chache hadi makumi ya maelfu.

Kwa sababu hiyo, jibu lazima litafutwe miguuni pa mchoro, kwenye sakafu ya mwamba. Mchoraji alisaga udongo wake palepale, vipande vikaanguka, moto ukawashwa, mkaa ukabaki, vumbi likafunika tabaka kwa tabaka. Ukikuta kipande cha udongo mwekundu kilichosuguliwa pembeni ya mkaa, mkaa unaweza kukupa umri wa kazi iliyofanyika pale. Mwamba wa Kisese II, katika eneo hilohilo la Kondoa, ulichimbwa na Ray Inskeep mwaka 1956, na tabaka zake zilitoa udongo mwekundu pamoja na shanga za ganda la yai la mbuni. Vipimo vya miaka ya karibuni vimeonyesha kwamba shanga za pale zina umri wa miaka zaidi ya 40,000. Vumbi la chini ya mwamba, ambalo mtu hulikanyaga bila kulitazama, ndilo daftari la mchoraji.

Na vumbi hilo ndilo linalochimbuliwa usiku. Kuna uvumi wa miaka mingi kwamba Wajerumani, walipokuwa wanarudi nyuma wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, walifukia dhahabu, na kwamba michoro ya miambani ni alama za kuonyesha ilipo. Watu wamefika Mungomi wa Kolo, mojawapo ya miamba yenye michoro, na kwingineko wakiwa na sururu na majembe, wakachimba mashimo chini ya michoro, wakaondoka mikono mitupu. Michoro ilikuwapo miaka mingi kabla Mjerumani wa kwanza hajakanyaga Bagamoyo. Haiwezi kuwa ramani yake. Shimo moja la namna hiyo huchanganya mkaa wa juzi na mkaa wa miaka elfu kumi, na hakuna mtaalamu wala mashine itakayoweza kuutenganisha tena. Nalichukulia hilo kuwa hasara kubwa kuliko jina lililoandikwa kwa mkaa ukutani, ingawa hilo nalo linaumiza.

Mungomi wa Kolo si mahali pa picha tu. Warangi wanaoishi jirani hupanda pale kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji, na matambiko hayo yametajwa na UNESCO yenyewe kama sehemu ya thamani ya urithi huo. Lakini katika baadhi ya matambiko pombe ya kienyeji hurushwa kwenye mwamba, na mtafiti Emmanuel Bwasiri ameandika kuhusu mvutano uliozuka kati ya wahifadhi wanaotaka kuta zisiguswe na wazee wanaosema kuta hizo ni zao. Mimi naegemea upande wa kuzungumza. Wazee ndio waliofanya msitu unaozunguka miamba usikatwe hovyo, na ndio wa kwanza kujua mchimbaji wa usiku ametoka kijiji gani. Wakikubaliana na mhifadhi kwamba pombe imwagwe chini pembeni ya mwamba, mbali na rangi, tambiko halitapungukiwa na mchoro utapona. Kinyume chake, ukiwafukuza wazee umewafukuza walinzi.

Kwa anayepanga safari: ofisi ya mambo ya kale iko kijijini Kolo, na ni lazima kupitia hapo kulipa kiingilio na kupata mwongozaji, kwa sababu miamba imetawanyika na njia hazina alama nyingi. Kupanda kwenda Mungomi kunataka viatu vya kushika na maji ya kunywa. Maji hayo yasiguse ukuta. Wageni wengi, tena wenye nia njema, hurushia mchoro maji ili rangi ikolee kwenye picha, na kweli hukolea kwa dakika chache. Yanapokauka huvuta chumvi kutoka ndani ya mwamba na kuiacha juu ya rangi kama utando mweupe, na utando huo ukishaganda hautoki bila kutoka na rangi yenyewe. Mwongozaji akikukataza, msikilize; na mgeni mwenzako akifungua chupa karibu na ukuta, mzuie.